Kila Mtu na Alichoshona

Mwezi uliopita nilisimama kwenye matanga nikasema uongo mbele ya watu, na watu wenyewe wakatikisa vichwa kukubali. Tulikuwa Kaloleni, nje ya nyumba ya marehemu Mama Akinyi, chini ya turubai la kukodi, viti vya plastiki vimepangwa mpaka kwenye nyasi za jirani. Mwili ulikuwa usafirishwe kwenda Siaya kesho yake. Aliyeongoza mkutano akasema sasa tumsikie mmoja wa wale waliofanya kazi na mama kule sokoni Gikomba, na watu wakageuka kuniangalia. Magoti yangu siku hizi hayataki kuinuka. Nikashika kiti cha mbele, nikajivuta, nikasema kwamba Mama Akinyi alitufundisha wanawake wanne kugawana sawa, na tukagawana sawa mpaka mwisho. Watu wakasema amina. Ndipo nikamwona, safu ya tatu, mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, uso ameuelekeza kwenye sauti yangu, lakini macho yanaangalia pembeni kidogo. Alikuwa Damaris, Mama Shiro, ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Hatukugawana sawa mpaka mwisho. Yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeondoka, na mimi ndiye niliyemfanya aondoke.

Mwaka alioondoka, mimi Nekesa, au Neke kwa wenzangu, nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mume, sina mtoto, nina mikono miwili myepesi na tamaa ya cherehani. Nilikuwa nimeingia kikundi cha Mama Akinyi mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Yeye alikuwa mjane wa mtu wa reli, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliitii. Kulikuwa na Flora, Mkamba mwenye mdomo mwingi, aliyefika kazini saa anayotaka na kila siku ana kisa cha kueleza. Na kulikuwa na Damaris, wa miaka kama thelathini na tano hivi, mpole, aliyeishi Shauri Moyo na binti yake Shiro. Tulinunua belo, yale marobota ya mitumba, za nguo za watoto, zile za bei ya chini ambazo wenye pesa hawazigusi kwa sababu nusu ya nguo zimepasuka au zimekosa vifungo. Kazi yetu ilikuwa kuzifufua. Tulishona, tukang'oa zipu mbovu, tukasugua madoa, tukapiga pasi ya makaa, na nguo ambayo asubuhi ilikuwa ya kufutia meza ikawa jioni nguo ya kuvaliwa kanisani. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati na mbao, mlango mmoja, dirisha hakuna, na upande wa pili wa ukuta maseremala walipiga nyundo tangu asubuhi huku wakibishana juu ya siasa na mpira. Giza lilikuwa jingi humo ndani hata saa sita. Niliiona shida hiyo kama ya kila mtu.

Kugawana kwetu kulikuwa hivi. Nguo zikishakuwa tayari, Mama Akinyi alitandika gunia akatengeneza mafungu manne, akitoa shati hapa na kuongeza sketi pale mpaka aridhike. Halafu mmoja wetu aligeuka akatazama ukuta, awape mgongo wenzake na mafungu. Mama Akinyi akagusa fungu akauliza, "La nani hili?" Aliyegeuka akataja jina, "La Flora." Anagusa jingine. "La nani hili?" "La Mama Shiro." Ukishatajwa, fungu ni lako, huna la kusema, unalibeba unaenda kuuza unakojua. Karibu kila mara Damaris ndiye aliyegeuka, kwa sababu sote tulimwamini. Siku za kwanza nililipenda sana jambo hili. Mchana Damaris alipika kwenye jiko nje ya mlango, githeri ya mahindi na maharagwe au wali na ndengu, tukala kwenye sinia moja tumekaa juu ya belo ambayo haijafunguliwa, na Mama Akinyi akatusukumia vipande vya parachichi kwa kidole. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo tena, na siku hizi nina jikoni yenye kila kitu.

Lakini mimi si mtu wa kuona kitu nikakifumbia macho. Nilianza kuhesabu. Nilishona nguo kumi na mbili Damaris akiwa kwenye ya nne. Flora alifika saa nne, akashona sita, akatoka kwenda kusalimia watu. Halafu jioni mafungu yanakuwa manne, yote sawa, na la kwangu limejaa kama la yule aliyeshinda akipiga domo. Kulikuwa na fundi mmoja karibu na daraja aliyeniwekea cherehani ya mguu, nzee lakini nzima, na alisema ataniwekea mpaka Krismasi, zaidi ya hapo hawezi. Kila jioni nilipita kuiangalia. Kila jioni nilifikiria nguo zangu zilizokwenda kwenye mafungu ya watu wengine. Nilikasirika mpaka nikawa silali vizuri, na hasira ile, niseme ukweli, haikuwa ya kijinga. Hata leo nikiikumbuka naiona ilikuwa na haki yake.

Mwezi wa tano nikasema. Tulikuwa tunakula. Nikasema, "Mama Akinyi, naomba kuuliza. Mtu akifanya kazi ya watu wawili, kwa nini asile jasho lake?" Flora akacheka, "Ngojeni, mtoto ameamka." Nikamwambia wewe nyamaza, ndiwe ninayekusema. Mama Akinyi akatafuna pole pole, akaniuliza nataka nini. Nikasema kila mtu aketi na rundo lake, nguo atakayoshona iwe yake, aiuze mwenyewe. Kila mtu na alichoshona. Akasema, "Na anayewasha jiko? Na anayekwenda kuchota maji? Hizo si nguo." Nikasema hizo ni kazi ndogo, tutapokezana. Damaris ndiye aliyewasha jiko, yeye ndiye aliyechota maji, yeye ndiye aliyefagia kabla yetu kufika. Flora, ambaye nilidhani atapinga, akasema tujaribu, na Mama Akinyi akainua mabega, akasema sawa, tujaribu, nyinyi ndio mna nguvu.

Na ilifanya kazi. Wanaosema mpango kama huo ni ukatili mtupu hawakuwa mle kibandani. Belo tuliyokuwa tukiimaliza kwa siku nne ilimalizika kwa siku mbili na nusu. Flora akaanza kufika kabla ya saa mbili, mdomo umefungwa, sindano inaruka. Alikuwa mjanja yule. Kabla yetu sote aligundua kwamba koti lililokosa kifungo kimoja ni nguo moja, na suruali iliyopasuka kutoka kiunoni hadi gotini nayo ni nguo moja tu, kwa hivyo alikuwa akichambua rundo la katikati haraka haraka na kuvuta makoti. Mimi nilivuta nilichokipata nikashona kama mtu anayekimbizwa. Chakula cha pamoja kilikufa. Damaris aliendelea kupika wiki mbili za kwanza, halafu akaona anabaki nyuma, akaacha, na kila mtu akawa ananunua mandazi yake na kuyala ameshika nguo magotini. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu sinia lilikuwa na vumbi. Maseremala wa upande wa pili walilijua hilo kwanza, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hawa wamama siku hizi hawacheki," na mwenzake akamjibu, "Wamepata pesa."

Wiki kwa wiki rundo la Damaris lilipungua. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na bado alikuwa na nguo nne, tano. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ni mzembe wa aina ya kimya. Halafu mwezi wa saba akashona gauni la ubatizo, jeupe, lesi nzuri, kwa uzi mweusi. Mistari miwili mirefu kifuani. Nikaliona kwenye rundo lake nikaliinua juu mbele ya wote, na mteja mmoja alikuwa mlangoni. Nikasema, "Mama Shiro, hii ni nini sasa? Unataka Gikomba nzima itucheke?" Akalichukua kwenye mkono wangu, akalipapasa, akasema, "Pole, Neke. Nilikuwa na haraka." Akakaa akafumua uzi wote kwa ncha ya wembe, kichwa ameinamisha mpaka pua inakaribia kugusa kitambaa. Mteja alicheka. Mimi pia nilicheka, na hicho kicheko nakisikia mpaka sasa.

Siku mbili zilizofuata hakuja. Mama Akinyi akanituma Shauri Moyo nikamwone, akasema, "Wewe ndiye mwenye mdomo, nenda na mguu pia." Nikaenda asubuhi mapema kabla ya kazi. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia la maua katikati, kitanda kimetandikwa vizuri, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Shiro, wa miaka kumi hivi, alikuwa ameketi mlangoni na yunifomu ya shule akitia uzi kwenye sindano. Mbele yake kulikuwa na kitambaa cheusi chenye sindano nyingi zimechomwa kwa mstari, kila moja na uzi wake mrefu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, bila kuinua kichwa, "Namwekea mama za leo. Kwanza nyeusi tano, halafu nyeupe tano, halafu bluu. Anahesabu kwa kidole. Ile siku nilichelewa shule nikachanganya." Ndani Damaris alikuwa anamimina chai, kidole amekiweka ukingoni mwa kikombe ndani, na chai ilipofika kwenye kidole akaacha kumimina. Nikamsalimu. Alijua ni mimi kwa salamu. Akasema, "Basi umejua."

Akanikalisha, akanipa kikombe, akanieleza kwa ufupi, kama anayeeleza habari ya jirani. Ukungu ulianza mwaka juzi, jicho la kushoto, sasa ni yote mawili, na hospitali walimwambia hautarudi nyuma. Nguo alikuwa anashona kwa kupapasa. Wakati wa mafungu haikuwa shida, kwa sababu mwendo wake ulifichika katika mwendo wetu, na yeye akajitahidi kulipa kwa jiko na maji na ufagio, mambo yasiyohitaji macho mengi. Alisema hakutaka kuonewa huruma, alitaka kubaki kibandani tu. "Nikitoka Gikomba, Neke, sijui mahali pengine pa kukaa mchana," akasema. Nilisikia uchungu, nilisikia haya, nililia kidogo kwenye ile chai. Nikamshika mkono nikamwambia, mbele ya mtoto, "Jumapili Mama Akinyi ametuita kwake. Nitasema. Nitaongea nao turudi kwenye mafungu, nakuahidi." Akaniambia asante. Shiro akaendelea kutia uzi.

Ilikuwa Jumanne. Kutoka Jumanne mpaka Jumapili ni siku nyingi. Jumatano nilikuwa bado na moyo ule. Alhamisi nikapita kwa fundi, na fundi akaniambia kuna mwanamke wa Pumwani ameulizia cherehani mara mbili. Ijumaa nilishona nguo kumi na tano, sijawahi kushona nyingi kama hizo kabla wala baada, na nilipoziangalia zimekunjwa upande wangu nikajiuliza maswali. Je, ni mimi niliyempa ukungu? Kwa nini nimbebe mimi na si Flora, na si serikali, na si kanisa lake? Na nikirudi kwenye mafungu, nani atanirudishia usiku niliokaa na vidole vimevimba? Nilijibishana hivyo hadi Jumapili. Maswali yale hayakuwa ya bure, ndiyo maana yananichosha. Mwanangu mkubwa siku hizi anabishana na wenzake sebuleni kwangu, huyu anasema walio nacho wakatwe zaidi wapewe wasio nacho, yule anasema mtu aachiwe alichotafuta, na wanapaza sauti kama watu wanaojua. Mimi nawaletea chai na kurudi jikoni.

Jumapili Mama Akinyi alipika samaki kwa ugali na mboga za kienyeji, akatukalisha chumba chake cha mbele penye vitambaa vya kufumwa kwenye kila kiti. Tulikula kwanza. Damaris alikuwa amevaa nguo ya kanisani, amekaa karibu na mlango, na alikula kidogo sana. Vyombo vilipoondolewa Mama Akinyi akasema hapendi tulivyogeuka, hatuongei, hatuli pamoja, na Mama Shiro anaisha mbele ya macho yetu. Anataka turudi kwenye mafungu. Flora akasema, "Mimi hapana, Mama. Nakuheshimu lakini hapana. Sasa hivi watoto wangu wanakunywa maziwa." Mama Akinyi hakumgombeza. Akanigeukia mimi. "Neke, limebaki neno lako." Mama Akinyi hakujua habari ya macho, wala Flora. Niliyejua ni mimi, na wa kusema ni mimi. Damaris aliinua uso akauelekeza kwangu, akangoja. Hakuniangalia kama mtu anayeomba. Aliniangalia kama mtu aliyeahidiwa.

Nikasema, "Tuendelee hivi hivi. Kila mtu na alichoshona."

Nilitazama vitambaa vya kufumwa. Nilidhani Damaris atasema mwenyewe, aseme ukungu, aseme sindano, aseme niliahidi, na akisema nitakubali, nilikuwa nimeshajiandaa kukubali. Badala yake Damaris akasema kwa sauti ile yake ya upole, "Ni sawa, Mama Akinyi. Neke anafanya kazi, hilo lazima tuseme." Akainuka, akapapasa mpaka kwenye karai, akaosha vyombo vyote vya mchana ule pamoja na sufuria ya samaki. Akaaga kila mtu kwa jina. Jumatatu hakuja, wala Jumanne, na Jumatano Shiro alipita baada ya shule kuchukua kiti cha mama yake na pasi. Krismasi ilipofika nilikuwa na cherehani.

Leo nina karakana ndogo Umoja, cherehani saba, tunashona yunifomu za shule. Nalipa kwa nguo, kila moja na malipo yake. Mwaka mmoja nilijaribu kulipa wasichana wote sawa, niseme ukweli nilijaribu, na wawili wazuri kuliko wote wakahama kabla ya miezi mitatu, na waliobaki wakalegea. Nikarudi kwenye nguo. Kuna mmoja wao, Kanini, mpole, mzito wa mkono, na Jumamosi ya malipo siwezi kumwangalia usoni. Sijui mpango ulio wa haki ni upi. Nimeishi katika yote miwili na kila mmoja una mtu wake anayeumia. Ninachokijua ni kidogo kuliko hicho, kwamba Jumapili ile sikuwa nachagua mpango. Nilikuwa na habari ambayo wengine hawakuwa nayo, nilikuwa nimeahidi kuitoa, na niliikalia kwa sababu ya kitu changu.

Matanga yalipokwisha nikaenda safu ya tatu. Nikamwambia, "Mama Shiro, ni Nekesa." Akanyoosha mkono, nikaushika, akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akatabasamu. Macho yake yamekwisha kabisa. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha, nimekaa nayo miaka hii yote, lakini yeye akatangulia. Akasema amesikia nina karakana, na amesikia nalipa kwa nguo, na ana mjukuu wa kike amemaliza shule, hana kazi, mkono wake ni mwepesi. "Usimpe kitu kwa ajili yangu," akasema. "Mlipe atakachoshona." Nikasema sawa. Watu wakaja kumsalimia, wakamchukua kwenda kunywa chai.

Shiro ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Ni mama mzima sasa, ana mwili, ana mvi mbele. Tulitembea mpaka penye lango. Halafu akasema, akiangalia barabara, "Unajua siku ile uliyokuja kwetu asubuhi, jioni yake mama alinipeleka soko la Burma akanunua nyama. Alisema Jumapili mambo yatanyooka, Nekesa ameahidi. Hatukuwa tumekula nyama tangu Pasaka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyebeba kitu mbali na anataka kukiweka chini. Ndipo akaniuliza msichana aje Jumatatu saa ngapi, nami nikamwambia saa mbili.